Mahari ni Salama

CHAMA CHA WATUNZI WA RIWAYA ZA MAPENZI, HATARI NA MITAMBO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA JUMAMOSI, 20 MACHI 1976

MAHALI: Chumba cha nyuma, duka la kupiga chapa la Bw. Dawudi Mukalazi, Wandegeya, Kampala.

WALIOHUDHURIA
Bw. Saverio Obwona, Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu
Bi Santa Laker, opareta wa simu
Bw. Ochan, msaidizi wa maabara chuo kikuu
Bw. Dawudi Mukalazi, mwenye duka na mashine
Sajini mstaafu Asuman Marjan, Katibu, mpiga simu ya upepo wa Jeshi la Mfalme huko Burma, ambako hao wengine hawajafika hata kwenye ramani

WASIOHUDHURIA
Bi Kulusum, kwa taarifa: anafunga vitambaa vyake vya kwenda kuuza Nairobi.
Fundi wa redio wa Kalerwe, bila taarifa, tangu mwaka jana. Mwenyekiti aliagiza jina lake lisiandikwe. Halikuandikwa.

KUMB. NA. 1/76: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuomba watu waseme polepole, kwa sababu ukuta wa duka ni mbao na barabarani kuna watu. Katibu alieleza kwamba yeye hana sauti ya polepole, hakuzaliwa nayo. Mwenyekiti alirudia ombi.

KUMB. NA. 2/76: SURA YA BW. OCHAN
Bw. Ochan alisoma sura ya riwaya yake. Ndani yake mpelelezi anachaguliwa mchumba na mtambo unaoitwa kompyuta, mkubwa kama nyumba ya polisi wa Nsambya, unaokula kadi zenye matundu. Kusoma kulichukua muda mrefu na chai ikapoa.

Bi Laker alisema: "Ndugu Ochan, huyo msichana amesimama mlangoni tangu ukurasa wa kwanza, na wewe bado unatueleza waya. Mkaribishe basi hata akae."

Watu walicheka. Katibu aliuliza hatari iko wapi. Bw. Ochan alijibu kwamba hatari ni umeme kukatika. Katibu alisema umeme ukikatika Kampala hiyo si hatari, hiyo ni Jumanne. Halafu Katibu aliwafundisha wote, bila kuombwa, kwamba mtambo kwenye kitabu cha mapenzi una kazi moja tu: kuwatenga wawili au kuwakutanisha. Mtambo usiofanya hivyo ni chuma.

Bw. Ochan alisema Sajini mwenyewe yuko kwenye sura ileile tangu chama kianzishwe. Maneno hayo yameandikwa hapa ili wivu wake ujulikane.

KUMB. NA. 3/76: RIWAYA YA BI LAKER NA KOSA LA BW. DAWUDI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba riwaya ya Bi Laker ndiyo kitabu cha kwanza cha chama kufika kwenye mashine. Inahusu opareta wa simu ambaye mpenzi wake amekimbia na kujificha ng'ambo ya mpaka. Waliagana kwamba akipata pa kukaa atamwita kwa simu ya upepo na kusema, "Mahali ni salama, vuka." Msichana anakaa na vidude vya kusikilizia masikioni kitabu kizima, na kuna mtu mwingine anayesikiliza kwenye waya huohuo. Katibu anakiri kwamba ni kitabu kizuri, kwa sababu habari za betri na masafa ni yeye aliyemweleza.

Bw. Dawudi alitoa ripoti. Alisema siku hizi yeye hawezi kuchapa kitu bila kusomwa kwanza, kwa hiyo alipeleka nakala iliyopigwa taipu kwa afande mmoja anayekaa kambi ya Mbuya. Afande alisoma, akacheka mpaka akaita mkewe. Akasema: "Huyu binti analilia mahari yake. Mchapieni. Lakini ng'ombe wakivushwa mpaka pale Malaba wapigwe sindano kwanza, kuna ugonjwa wa miguu."

Kikao hakikuelewa. Katibu aliomba nakala, akavaa miwani. Ndipo ilipoonekana kwamba Bw. Dawudi amepiga "mahari" kila palipokuwa na "mahali", tangu mwanzo hadi mwisho. "Mahari ni salama, vuka." Kuna hata "mahari pazuri penye kivuli". Afande hakushtuka, maana Kiswahili cha kambini kimezoea kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Katibu alimwambia Bw. Dawudi kwamba amegeuza kitabu cha hatari kuwa kitabu cha ng'ombe, na kwamba nyinyi watu wa hapa mlipewa l na r mkazitia kwenye gunia moja.

Bw. Dawudi aliinuka. Maneno yake yameandikwa hapa yakiwa yamesafishwa. Alisema: "Ssebo, ni wewe! Mwaka juzi ulinitukana mbele ya watu hapahapa kwa sababu nilipiga 'habali'. Ulisema ukiona tena l yangu utanivunja kidole. Mimi na yule fundi wa redio, wote wawili, siku moja. Tangu siku hiyo nikiona neno linalofanana na hilo naogopa, naweka r. Sasa umeona r, bado unatukana. Unataka niweke nini, mzee? Nukta?"

Bi Laker alicheka peke yake. Katibu alikana kwamba alisema kidole. Alisema mkono.

Katibu alitoa hoja kwamba kosa lisahihishwe kila ukurasa. Alisema kitabu chenye aibu hiyo hakitatoka kwenye chama ambacho yeye ni Katibu, maana huko Burma herufi moja ilikuwa inaua kombania. Bw. Ochan aliunga mkono, na hiyo ni mara ya kwanza amekuwa na akili.

Mwenyekiti alisema kwa shida kwamba kikisahihishwa kitakuwa kitabu kingine, na lazima kirudi Mbuya. Afande akisoma "Mahali ni salama, vuka" hataona ng'ombe. Ataona mtu anavushwa mpaka. Ataita mwandishi, na mwandishi ni opareta anayeunganisha simu za Nairobi kila siku. "Tutamtafuta wapi huyu mtoto?" aliuliza Mwenyekiti.

Katibu alisema basi kisichapwe kabisa, afadhali hivyo kuliko kuchapwa na kosa. Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida.

Bi Laker aliomba nafasi. Aliyoyasema yameandikwa kama alivyoyasema.

"Mzee Asuman, naomba uache kuandika kidogo." Katibu aliendelea kuandika. "Haya, andika. Mimi sikutunga hayo maneno. Nyinyi nyote mnamjua aliyeyasema, alikuwa anakaa kwenye hilo stuli. Askari walipokuja Kalerwe kuuliza redio zake zinaongea na nani, alipita dirishani kwangu. Akasema akipata pa kukaa atapiga simu kwetu swichibodi, nikipokea atasema neno hilo tu, na nitajua. Sijui kama alifika Nairobi. Laini ya Nairobi ina masikio mengi, pengine anaogopa. Pengine anadhani nimeolewa."

Bw. Ochan aliuliza hiyo inahusu nini na tahajia.

"Inahusu, ndugu yangu. Yeye hakusema 'mahali'. Aligombezwa pamoja na Dawudi siku moja, na mbele yangu alikuwa anajitahidi kusema Kiswahili cha kumpendeza mzee. Alisema 'mahari'. Santa, mahari ni salama. Mimi ndiye niliyemsahihisha kwenye karatasi, nikaona nimefanya vizuri. Kumbe nilimfuta. Kitabu kikifika Nairobi kikiwa na 'mahali' ni kitabu tu, kuna vingi. Akikuta neno limeandikwa kwa mdomo wake mwenyewe, atajua ni mimi, na bado niko kwenye swichibodi."

Bw. Dawudi alisema: "Na mahari pia atajua bado haijalipwa." Bi Laker alimwambia afunge mdomo, lakini hakukasirika.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu bado anashikilia hoja yake. Inajulikana kwamba Katibu hajawahi kuondoa hoja yake tangu chama kianze. Katibu alisafisha miwani. Alisema kwa faida ya kikao kwamba mpiga simu ya upepo haangalii tahajia, anaangalia mkono wa anayepiga. Huko Burma alikuwa anamjua kila mmoja kwa mdundo wake wa kugonga herufi, na aliyekosea siku zote kwa namna ileile ndiye alikuwa wa kuaminiwa, kwa sababu adui hupiga sawasawa. Bw. Ochan alisema hiyo Burma imefika tena. Katibu aliiondoa hoja.

ILIAMULIWA: Kitabu kichapwe kama afande wa Mbuya alivyokisoma, herufi isiguswe. Bi Kulusum avifunge vitabu ndani ya vitambaa. Bw. Dawudi asisifiwe kwa jambo hili.

KUMB. NA. 4/76: KUMBUKUMBU HIZI
Mwenyekiti alimwomba Katibu achome ukurasa wa Bi Laker. Katibu alikataa. Alisema kumbukumbu zake hukaa chini ya gunia la mchele nyumbani kwake, na afande yeyote anayezitaka aje, maana mwandiko wake hata makapteni wa Mfalme walishindwa kuusoma na walikuwa wamesoma Uingereza. Bw. Ochan alisema kwa hilo anamwamini kabisa.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, mvua ilipoanza kupiga mabati na watu kuweza kusema bila kunong'ona. Walitoka mmoja mmoja, Bi Laker wa kwanza, kwa sababu zamu yake kwenye swichibodi inaanza saa kumi na mbili.

Katibu anathibitisha kwamba katika kumbukumbu hizi hakuna herufi iliyokosewa, na neno la mwisho hapa chini ameliandika akiwa na miwani.

Mahari ni salama.

(sahihi) Saverio Obwona, Mwenyekiti
(sahihi) Sajini Asuman Marjan, Katibu