Chupa ya Shirin

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Kotwali, Mymensingh. Tarehe 14 Juni 2023, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Kafiluddin Talukdar. Umri: miaka 68. Kazi: mtaalamu wa maabara, mstaafu wa serikali, sasa kwa mkataba katika hospitali binafsi ya watoto. Makazi: Sankipara.

Nimekuja kwa hiari yangu. Nimesikia kwamba Morzina Khatun, mhudumu wa wodi ya watoto wachanga, yuko mahabusu kwa tuhuma kwamba mikono yake michafu imeua watoto watatu. Si kweli, na hospitali inajua kuwa si kweli.

Watoto njiti wasioweza kunyonya hulishwa kwa dripu ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Chupa ananunua baba, duka la nje ya geti. Mtoto wa kilo moja hutumia kidogo tu, na chupa ikishafunguliwa inapaswa kutupwa siku hiyo hiyo. Kwetu haitupwi. Mtoto akiruhusiwa, au akifa, wazazi huiacha kwenye rafu ya dirishani na karatasi yenye jina la mama, kama hii: "Mwombeeni mtoto wa Shirin." Asiye na uwezo huchukua. Tunaiita rafu ya sadaka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwasifia wageni rafu ile.

Mnamo tarehe 29 Mei, saa 3 asubuhi, nilipokea damu ya mtoto wa Jharna, umri siku tisa. Ikaota fangasi. Afande, fangasi hawa ni ndugu wa hamira. Kwenye ngozi yako hawana neno, lakini wakiingia kwenye damu ya mtoto njiti wanaua. Niliwajaribu kwa dawa mbili tulizonazo. Hawakuzijali. Mtoto alifariki tarehe 1 Juni.

Tarehe 3, damu za watoto wengine wawili zikaota fangasi hao hao. Siku hiyo saa 8 mchana Morzina alikuja maabara na bomba la sindano amelificha kwenye ncha ya sari. Ndani kulikuwa na mafuta kidogo ya chupa ya Shirin. Alisema watoto wote watatu walilishwa kutoka chupa hiyo. Nilimtania kwamba sasa amekuwa daktari.

Akanijibu, "Madaktari hawafuti rafu, mjomba. Mimi naifuta kila siku, najua nani kachukua nini."

Mafuta yale yalikuwa na fangasi hao hao. Tarehe 6, saa 5 asubuhi, nilimpelekea majibu mkurugenzi, Daktari Shahriar Mollik. Alisema, "Mzee Talukdar, wakaguzi wanakuja Jumapili. Andika sampuli ilichafukia maabara."

Niliandika. Nilitia sahihi. Afande ameniuliza kama nililazimishwa. Hapana. Nilitaka mkataba wangu uongezwe; andika hivyo hivyo. Morzina aliniuliza majibu mara mbili, nikamwambia bado.

Watoto wale wawili walifariki tarehe 8 na tarehe 10. Ndugu zao walipokuja juu, mkurugenzi akatoa jina la Morzina, kwa kuwa hana cheti wala mtu wa kumtetea. Mmemfungia mtu pekee aliyefanya uchunguzi katika jengo lile. Wenye vyeti tulikuwa tunasaini uongo.

Leo saa 2:30 asubuhi nimepita wodini. Rafu ipo, na ina chupa mbili zilizofunguliwa. Moja ni ile ya Shirin. Nilinyoosha mkono, mlinzi akanisukuma, akasema mali ya sadaka haiguswi na mfanyakazi. Mvuta riksho mmoja, ambaye binti yake yuko kitanda cha nne, alikuwa anasoma zile karatasi. Nilimwambia asichukue.

Akasema, "Sasa mzee, atakula nini? Utamlisha wewe?"

Nimezoea kueleza kwa mpangilio, na nimekosea kuliweka hili mwisho. Afande, weka kalamu chini. Tuma mtu sasa hivi.

(Maelezo yamesitishwa saa 4:45. Yameendelea saa 6:20 mchana.)

Nimesomewa niliyoyasema na sipunguzi neno. Naomba jina langu liandikwe kwenye shauri hili pamoja na la mkurugenzi.

Sahihi: K. Talukdar

Yameandikwa nami, Mkaguzi Msaidizi Tofazzal Sarkar. Chupa moja imekutwa rafuni, imefungwa kama kielelezo. Chupa ya Shirin haikuwa rafuni. Imekutwa imetundikwa kitanda cha nne, na imeondolewa saa 5:05. Morzina Khatun bado yuko mahabusu. Mkuu wa kituo amearifiwa. Shahidi hakwenda nyumbani. Amerudi hospitali kupima damu ya mtoto wa kitanda cha nne, na ameomba askari wa kumsindikiza hadi ndani.