Marehemu Amerudi na Valizi Mbili

Jumanne, tarehe 8 mwezi wa saba 2025. Kasongo

Basi marehemu amefika. Ameshuka kwa moto, pikipiki ya kukodi, nyuma ya soko, vumbi mpaka kwenye kope. Valizi mbili za nguo zimemufuata kwa moto ingine. Akaniambia bonjour, vizuri kabisa, kama mutu ambaye hajawahi kufa.

Eti ni dada yangu, baba moja, mama moja. Siku hizi anaitwa Olga, wazungu walimulea Liège kule Ubeleji, iko na miaka ishirini na nane. Alipokuwa na miaka miwili alipotea, na familia ikamuzika.

Mimi nilikuwa sijazaliwa, wasinitie humo. Ilikuwa vita. Mama alimuleta mugonjwa hapa Kasongo, kwenye kituo kimoja cha watoto, akarudi Kabambare kutafuta baba porini. Alipokuja tena, kituo kimefungwa, watoto wamepelekwa, hakuna wa kuuliza. Wakangoja mwaka, wakangoja mwingine. Mwisho wakakata kigogo cha mugomba, urefu wa mutoto, wakakivalisha sanda, wakakizika kijijini, Wamaza, wakalia matanga. Kwetu mutu asiyeonekana hawezi kubaki hivi hivi. Lazima apate kaburi, watu wake wanyoe nywele, maisha iendelee.

Na iliendelea! Nyuma ya matanga nikazaliwa mimi. Wakanipa jina lake, Dieudonnée. Zawadi ya Mungu, imetumika mara moja tu, iko hali nzuri. Mama alinitazama usoni akasema: umerudi. Hajabadilisha maneno tangu siku ile.

Sasa dada analala kwenye kitanda changu. Mimi niko kwenye mukeka, kati ya cherehani na valizi zake. Karibu sana nyumbani.

Alhamisi, tarehe 10

Tangu radio itangaze kwamba mutoto wa Wamaza anatafuta watu wake, Olga amepata mama wa kutosha. Leo asubuhi mwingine kutoka Nyangwe, na samaki wa kukausha kwenye kikapu, na machozi tayari. Alilia vizuri. Nilimuuliza mutoto wake alipotea mwaka gani, akasema tusihesabu miaka mbele ya Mungu. Olga akamukumbatia. Huyu atamukumbatia kila mutu, hata polisi wa barrière barabarani.

Mujomba Atumani, kaka ya mama, ndiye aliyekata maneno. Alisema mutoto wao aliungua na mafuta ya mawese, mukono wa kushoto, chini ya kiwiko. Olga akapandisha mukono wa shati. Kovu iko pale. Mujomba akakaa chini, kwenye udongo, na kanzu yake ya Ijumaa, akaanza kulia bila sauti. Yule mama wa Nyangwe akachukua kikapu chake akaenda.

Mimi nilitazama mukono wangu mwenyewe. Hauna kitu. Kila kiangazi, usiku ukipoa, mama anaupapasa pale pale, chini ya kiwiko, anauliza kama baridi inaniuma. Huwa ninasema ndiyo, mama, inauma kidogo.

Jumamosi, tarehe 12

Nimepika matembele. Siyapendi. Nimeyala maisha yangu yote kwa sababu mama anasema: "Ulikuwa unayapenda sana, mbele ya kufa." Utabishana naye? Ndivyo nilivyolelewa. Ulikuwa unaogopa bata. Ulikuwa unalala na sikio langu mukononi. Habari zote za mutu mwingine, na mimi ninaitika kwa kichwa, mutoto mwenye adabu.

Olga ameonja. Ameongeza. Ameongeza tena. Amepangusa sahani na kidole. Asante sana, dada, kwa kunimaliza.

Halafu amesema anataka kurudisha jina lake kwenye papier zake za serikali. Dieudonnée. Amelia akilisema. Nikamuuliza, na mimi nibaki na nini? Akafikiri ninatania. Eti tutakuwa wawili, eti c'est beau, inapendeza. Labda kule Liège ni beau. Huku mama iko na nafasi moja tu kwa jina lile, na ninakaa humo mimi.

Jioni mujomba amekuja na masharti. Aliyeliliwa matanga hawezi kuingia nyumba ya mama yake hivi hivi. Lazima kaburi lifukuliwe kwanza, kuku mweupe achinjwe pale, na yeye apitie nyuma, kwa upande wa jiko, kama aliyetoka shamba. Olga ameandika yote kwenye simu, anatingisha kichwa. Anapenda sana mila, huyu.

Na mama ameambiwa nini? Hakuna kitu! Kwake Wamaza hakuna réseau, simu haishiki. Mujomba ametuma habari kwa mutu wa moto: mugeni anakuja, mupike. Muzee mwenye ndevu nyeupe, anaogopa dada yake. Eti mimi ndiye nitamuambia, kwa sababu mama ananisikiliza, na kwa sababu nilimaliza sekondari, ninajua Kifaransa. Kwa hiyo ni mimi nitasema: mama, yule aliyerudi hakuwa mimi. Na nitafsiri vizuri, pande zote mbili.

Jumanne, tarehe 15. Kabambare

Matako yamekufa. Njia ni mashimo na muchanga, daraja ni miti miwili. Olga alivuka kwa miguu akiimba kwa sauti ndogo. Dereva wa moto aliniuliza kama muzungu wangu iko sawa. Nikasema siyo muzungu, ni ndugu yangu. Imenitoka tu.

Tumelala kwa binamu. Olga ameniuliza mama ni mutu wa namna gani. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilisema amezeeka, anasahau. Ni uongo. Mama hasahau kitu, na shida yetu yote imetoka hapo.

Baadaye akaniuliza mama alikuwa ananibembelezaje nilipokuwa mudogo. Nilimuonyesha, sikio mukononi. Akashika sikio lake mwenyewe. Nilimuonea huruma, kwa kweli. Nilimuonea huruma na nilitaka pia arudi kwao na avion ya kesho.

Ninaogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, tarehe 17. Wamaza

Haraka haraka, niko nyuma ya choo.

Tumefika mchana. Mujomba alitusimamisha kwenye migomba, mbali na nyumba. Vijana wa ukoo wakachimba. Unajua kulikuwa na nini ndani? Udongo. Mugomba umeoza zamani, hata uzi wa sanda hakuna. Mama amekuja hapa kufagia kila Idi, amefagia juu ya udongo. Kuku akachinjwa. Olga alisimama kando ya shimo lake, mikono tumboni, hakupiga foto hata moja.

Mujomba akanisukuma mbele. Nenda, sema. Nikaingia peke yangu. Mama alikuwa anachambua muchele wa mugeni kwenye ungo. Nikasema: mama, Dieudonnée wa vita hakufa, iko huko inje. Nilisema mara moja, sikupamba. Akaendelea kutoa mawe. Akasema: "Ninajua hakufa. Si ni wewe." Nikasema hapana mama. Siyo mimi. Ungo ukashuka polepole mpaka chini, na muchele haukumwagika.

Olga akaingia kwa upande wa jiko, kichwa chini, kama alivyofundishwa. Mama hakumugusa. Alitazama mukono, alitazama kovu, muda murefu. Akaniambia mimi: "Muulize jina yake." Nikamuuliza kwa Kifaransa. Yeye akajibu kwa Kiswahili, sijui kajifunza kwa nani kwenye njia: "Jina yangu Dieudonnée."

Mama akageuka. Akanitazama vile hajanitazama hata siku moja, vile unatazama mutu aliyebisha hodi. Akasema: "Na wewe?"

Tu. Na wewe.

Olga akaniuliza amesema nini. Mujomba anakohoa mulangoni. Wote wananingoja mimi, mwenye Kifaransa, mwenye sekondari. Nikasema samahani, tumbo linaniuma, ninaenda choo. Tafsiri nzuri sana.

Kwa hiyo niko hapa na bic na daftari, na bata wananitazama. Nitarudi. Nikimaliza ukurasa huu nitarudi. Nitasema nini? Kwamba mimi pia? Kwamba nilikula matembele yote?

Hawawezi kuzungumza bila mimi, mama na Olga, hata neno la kuomba maji. Nilifurahi kidogo nilipofikiri hivyo. Sasa sifurahi tena.

Mama anaita. Amesimama mulangoni, ninasikia sauti yake safi kabisa. Dieudonnée! Nimefungua mudomo.

Ndani ya nyumba mutu ameisha kuitika.