Kigoda cha Kumkamulia Ngamia

Nyumba za Walimu,
Griftu, Wajir Magharibi.
14 Novemba 2024

Mpendwa dada Wanjugu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye jua na vumbi. Hujambo? Goti lako la kushoto limepoa, au bado linakutabiria mvua? Na ndugu yetu Vincent ameacha kukohoa? Sisi tu wazima. Mimi nimekonda kidogo, lakini usishangae, najipikia.

Barua yako niliipata. Umeuliza, sasa mara ya tatu, kama mwanangu Wanji aje kukaa nawe Karatina kuanzia Januari. Nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi kwanza nikiri jambo la aibu. Cheka, lakini usimsomee Vincent.

Namwonea wivu jirani yangu, Olow.

Tangu tumzike mama yake, Wanji akitoka darasani hukaa kwa Olow na mkewe Khadijo hadi nitoke shuleni saa kumi na moja. Mwanzoni nilishukuru. Halafu nikaanza kuona mambo. Olow ana ngamia kumi na wawili, na Wanji anawajua wote kwa majina. Mimi wanafunzi wangu nawachanganya bado. Nywele ninazomsuka Jumapili, Khadijo huzifumua Jumatatu na kuzisuka upya, kimya, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayoniuma. Siku moja nikamsikia Wanji akimwita Olow "adeer". Nikauliza maana yake. Ni ndugu wa baba. Kumbe nimeongezewa ndugu bila hata kushauriwa.

Basi nikaamua kumwonyesha mtoto kwamba babake naye ni mtu. Si unajua nilivyokuwa nikiwakamua ng'ombe wa mama? Jumamosi asubuhi nikaenda zizini kwa Olow na kigoda, maji moto na kitambaa safi. Nikaketi, nikapangusa chuchu. Ngamia akageuza shingo, akanitazama, akasogea hatua mbili. Nikahamisha kigoda. Akasogea tena. Tulizunguka zizi zima hivyo, dada, mpaka akakipiga teke kigoda nami nikiwa bado juu yake.

"Mwalimu," Olow akaniambia, "hii si ng'ombe ya Karatina. Hii nakamuliwa kwa kusimama. Wewe nakaa kama nangoja daktari."

Kumbe mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti la mguu wa pili, mtu mmoja kila upande, na ndama lazima anyonye kwanza. Wanji ndiye aliyemleta ndama. Miaka tisa tu, na ndama yule anamfuata kama mwalimu wa zamu.

"Baba, inua goti," akaniambia. "Adeer atashika upande ule."

Nikainua. Nikayumba. Mtoto akaja ubavuni pangu, akaniegemeza kwa bega lake dogo, akasimama hivyo mpaka nikamaliza. Nilipata nusu kikombe, na povu ndilo lililokuwa jingi. Alikunywa yote, akajifuta mdomo, akamgeukia Olow.

"Kesho mtungojee, adeer. Baba huchelewa kuvaa viatu."

Sasa sikia, dada. Nilikuwa nimeshakuandikia kwamba nimekubali. Si kwa ajili ya shule nzuri za huko, kama nilivyodai humo. Nilitaka tu kumtoa mikononi mwa Olow, hata kama mimi mwenyewe ningebaki bila yeye. Barua ile nimewashia jiko.

Kwa hiyo Januari haji. Aprili tutakuja sote wawili, unifundishe kusuka nywele. Na usimpikie mukimo mtamu kupita kiasi. Wivu wangu umepungua, haujaisha.

Nisalimie Vincent, mjomba Martin na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akutunze wewe na goti lako.

Wako akupendaye, anayejifunza kusimama kwa mguu mmoja,

Kang'ethe