Mwewe Anayeogopa Mlima

Ndinda, mwanangu,

Nakuandikia kutoka Kaloleni, nyumba ileile ulikokuwa ukija na daftari zako kunionyesha hesabu, hata baada ya wewe kuwa mhadhiri na mimi kuwa mwalimu mstaafu tu. Nimechefuka, na wewe ndiye ungeelewa bila kuelezwa mara mbili. Ingawa unanijua, nitaeleza.

Ulianza na sisimizi, ile hesabu ya kutafuta njia fupi kwa kuwaiga. Kila mmoja hupita njia yake akiacha harufu chini. Waliopata njia fupi hurudi mapema, harufu yao hukolea, na wengine huifuata. Hayo yalijulikana kabla yako. Jambo lako jipya lilitoka soko la Muthurwa. Ulitaka kuwapangia wasukuma mikokoteni njia nafuu ya kupeleka kabichi Kariobangi, ukatembea nao wiki nzima. Mmoja akatazama ramani yako akasema, "Madam, hawa wadudu wako hawajawahi kusukuma gunia. Hapo ni mlima, utatuua." Ulinisimulia ukicheka hadi machozi. Kisha ukaongeza kwenye hesabu adhabu ya mlima: njia fupi yenye mwinuko ihesabiwe kuwa ndefu. Hiyo ikawa kazi yako ya miaka. Hata kitandani hospitalini ulikuwa ukiirekebisha.

Sasa sikia. Mwenzako wa ofisini, yule aliyelia kwenye mazishi yako mpaka tukamshika mikono, amechapisha mbinu mpya. Anaiita Mbinu ya Mwewe. Wenzake wengi wanapanda vyeo hivyo hivyo: chukua hesabu ya mtu, toa mdudu, weka ndege, chora picha nzuri. Mwewe wake anaruka angani lakini anaacha harufu chini. Mwewe wake, Ndinda, anaogopa mlima. Hata kiwango cha adhabu ni kilekile ulichokipata kwa kumpima msukuma mkokoteni akihema. Jina lako halimo popote, hata kwenye shukrani.

Nilipomwuliza, alijibu, "Mwalimu, wadudu na ndege ni wa Mungu. Nani ana hati yao?" Alisema hayo huku akinimiminia chai. Niliiacha ikapoa.

Lakini anayenichefua zaidi ni mimi. Kabla haijachapishwa, aliniletea niipitie. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona picha, nikaona alivyonisifu, nikaandika "kazi safi, mpya kabisa" na kutia sahihi. Mimi, Ndinda. Mimi niliyekufundisha kutomwamini mtu yeyote kabla ya kufika mstari wa mwisho. Sahihi hiyo ndiyo anayomwonyesha kila mwenye shaka.

Ijumaa idara inakaa kumpandisha cheo. Mkuu wao amenipigia simu: "Mzee, usijiaibishe kwa umri huu. Marehemu hahitaji cheo." Nilikata simu.

Nitakwenda. Mamako amenipa daftari zako, zenye tarehe kwa mwandiko wako. Nitazifungua mezani pao, kisha nitasema kwa kinywa changu kwamba nilitia sahihi bila kusoma. Watanicheka. Ni haki yao.

Pumzika, mwanangu. Sijui kama watakubali kulirudisha jina lako. Hilo liko mikononi mwao, na mikono yao nimeiona. Ninachokuahidi ni kwamba jina langu nitalifuta kwenye karatasi ile mwenyewe, mbele yao wote, hata kama lako litachelewa kuingia.

Mwalimu wako