Kilomita Hamsini Zilizobaki

Kopenhagen,
Machi 9

Mdogo wangu Steinar,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini wewe, wifi yangu Ragna na mtoto hamjambo, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimeachia. Mimi ni mzima wa mwili. Huku theluji imeyeyuka, ila upepo bado unakata masikio.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema nyumba ya mama imepata mnunuzi, na kwamba hutaligusa kabati lake mpaka nije tulifungue wawili. Niliisoma nimekaa ngazini, koti la kazini bado mwilini.

Mzee Bent, jirani yangu, akanikuta hapo. Ni mjane, na hawezi kumpita mtu bila kumtania. Nikamwambia naitwa nyumbani. Akacheka: "Sasa huzuni ya nini, mama? Reykjavik si masaa matatu tu hewani? Mimi kwa binti yangu kule Skagen, treni inanila matano, nashuka makalio yamekufa ganzi!" Nilicheka naye. Nilipofunga mlango wangu, kicheko kikaisha hapo hapo. Nikala mkate na siagi nimesimama.

Mama naye alikuwa akinihesabia masaa hayo kwenye simu. Alikuwa akisema nikipanda ndege baada ya chai, supu yake ya kondoo nitaikuta bado ya moto. Kila mwaka nikamjibu, Pasaka nakuja. Pasaka kumi na moja, Steinar.

Sasa nisikilize. Novemba, mama alipozikwa, nilikuambia homa imenilaza. Ulinipa pole. Baadaye Ragna akaniambia uliniwekea nafasi kando yako kanisani, ikabaki wazi. Sikuwa na homa. Ndege niliipanda. Kilomita elfu mbili na mia moja nilizimaliza, nikashuka uwanja wa ndege wa Keflavik asubuhi ile ile ya mazishi, gauni jeusi likiwa mkobani.

Nikaenda kununua kahawa. Nikaiagiza kwa lugha yetu. Binti wa kaunta akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, akanikaribisha nchini. Nikarudia kwa lugha yetu. Akatabasamu, akaniambia, kwa Kiingereza tena, kwamba nimejitahidi sana kujifunza.

Nikaenda kukaa. Nikajiuliza nitamuagaje mama kwa ulimi ambao hata muuza kahawa hautambui. Basi la mjini likaondoka nikilitazama. La pili nalo likaondoka. Mlipokuwa mkimwimbia mama, mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, kilomita hamsini tu kutoka kwenye jeneza lake. Alasiri nikapanda ndege, nikarudi huku.

Nikasirikie, ni haki yako. Lakini kabati nataka tulifungue pamoja. Nimekata tiketi ya tarehe mbili Aprili, natua saa nne asubuhi. Nakuomba usinisubiri nyumbani. Njoo mpaka uwanjani, usimame pale mlangoni. Abiria wote wakitoka na bado hujaniona, usiondoke, mdogo wangu. Niite kwa sauti, kwa lugha yetu, hata watu wakigeuka kukutazama.

Msalimie sana Ragna, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Hallveig