Jina la Kuchonga Kwenye Mtutu

Mdogo wangu Wendell,

Huku Idaho theluji imeshafunga njia. Risasi yangu mpya imekamilika: nimechukua ganda kubwa la risasi ya bunduki ya kuwindia tembo, nikalibana shingo lishike kichwa chembamba cha risasi. Mke wangu Verna anacheka, "Tembo gani huyu mwenye shingo ya kuku!"

Desturi unaijua, risasi hupewa jina la aliyeibuni. Fundi wa bunduki anauliza achonge jina lipi kwenye mtutu wa bunduki itakayoipiga.

Nimechoka, Wendell. Ile risasi ya zamani iliyokupasukia ikakutoa jicho, niliwaambia watu uliibuni wewe, ukaijaza baruti mwenyewe. Wakaiita kwa jina lako. Niliibuni mimi, nikaijaza mimi.

Mtutu ule uliopasuka nilikuwa nimeuficha darini. Leo nimempelekea fundi. Achonge jina langu hapo.

Kaka yako,
Harlan