Ng'ombe wa Muzdalifa

Mahege, 12 Novemba 2023

Mwanangu Muzdalifa,

Asalaam alaikum. Sisi huku wazima, ila goti langu linanisumbua. Habari za Morogoro na masomo yako ya mifugo?

Nakuandikia habari ya yule ng'ombe uliyeachiwa na marehemu mama yako. Alizaa Juni, ndama bado ananyonya, lakini huu mwezi wa tano tangu azae, mama mtu hajataka dume. Mbavu zinahesabika. Mchinjaji wa Bungu kaja mara mbili, anasema huyu keshakuwa tasa. Ng'ombe ni wako, nangoja neno lako.

Baba yako,
Abdalah

Morogoro, 20 Novemba 2023

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Pole na goti.

Usimuuze. Si tasa, ana njaa. Anachokula kinakwenda kwanza kwenye mwili wake na maziwa ya ndama. Uzazi hupata makombo, na kiangazi hiki makombo hayapo. Mpe pumba za mpunga na mashudu ya ufuta kila siku, na chumvi ya mifugo. Ndama anyonye asubuhi na jioni tu. Mwache na dume, miezi mitatu.

Mwanao,
Muzdalifa

Mahege, 14 Aprili 2024

Mwanangu,

Asalaam alaikum. Goti limepoa. Natumai u mzima.

Nilifanya ulivyosema. Alinenepa, ngozi ikang'aa. Miezi mitatu ikapita, wa nne ukaisha, nami sikuona dalili ya kutaka dume hata siku moja. Nikasema elimu ya mwanangu imefika mwisho wake. Sikukuuliza tena. Jumatatu nikamuuza.

Kesho yake mchinjaji akaniita. "Mzee Abdalah, njoo uone." Tumboni mlikuwa na ndama, mkubwa kama panya, kwato zimeshaanza.

Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Baba yako,
Abdalah

Morogoro, 29 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Kosa ni langu. Sikukwambia kuwa akishashika mimba hamtaki dume tena. Kwanza alinyamaza kwa njaa, akamtaka dume labda usiku mmoja usimwone, kisha akanyamaza kwa mimba. Mtu wa kumpima mimba kwa mkono angejua. Tulifundishwa Februari, nikaona nitakueleza nikija likizo.

Mwanao,
Muzdalifa

Mahege, 9 Mei 2024

Mwanangu,

Asalaam alaikum. Wote wazima.

Shangazi yako Mashavu ana majike wawili hawataki dume. Mchinjaji alikwenda kwake jana. Nimemwambia Mashavu asiuze mpaka uje uwapime.

Baba yako,
Abdalah